Kuku wa Mwanza, Mji wa Mawe

Mji wa Mwanza umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Mtu aujiaye kwa gari moshi kutoka Tabora, kwa reli ile iliyofika ziwani mwaka 1928, huyaona mawe kabla ya kuziona nyumba. Yamepandana, jiwe juu ya jiwe, na mengine yamekaa ukingoni hata mgeni apitaye chini yake huharakisha hatua. Wajuzi wa miamba husema umri wake wapita miaka milioni 2,500, kwa hiyo hayana haraka ya kuanguka. Lijulikanalo kuliko yote ni lile la Bismarck, lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, na wageni hulipiga picha kila siku. Lakini leo, ndugu msomaji, hatuendi huko. Twapanda vilimani, Isamilo, Bugando, Igogo na Mabatini, mahali ambapo nyumba zimeshikamana na miamba kama mbuzi, tuwatazame kuku.

Kuku wa vilima hivyo husikika kabla ya kuonekana. Alfajiri, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa bado zawaka ziwani, jogoo mmoja huanza upande wa Bugando, wa Isamilo humjibu, na sauti zao hugonga mawe zikarudi, hata usijue ni majogoo wawili au ishirini. Mtume Petro alimsikia jogoo akalia machozi usiku ule mmoja. Angekaa Mwanza angalilia kila siku.

Kwa Kisukuma kuku huitwa ngoko, na kazi zake ni nyingi. Zamani wafumu walimpasua kifaranga na kutazama ndani yake ili wajue ugonjwa wa mtu umetoka wapi, na wapo waendao kwao hata leo. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Mwenye ng'ombe huheshimiwa Usukuma kote; walakini ng'ombe hauzwi kwa ajili ya daftari moja. Kuku ndiye alipaye madaftari, sare, nauli ya kwenda msibani, dawa ya homa, na kitoweo cha mgeni aliyefika bila kupeleka habari. Serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini viatu vya watoto havikuacha kuchakaa. Tena mara nyingi mwenye kuku ni mama. Baba ana ng'ombe kijijini, au ana sehemu yake katika mtumbwi. Kuku ni mali ambayo mama aweza kuiuza asubuhi bila kuitisha baraza.

Ukitazama vizuri utawaona wa namna nyingi. Yuko kuku wetu wa kawaida, mdogo, mwepesi, arukaye juu ya jiwe kama pimbi. Yuko kuchi, ajulikanaye sana katika nchi hizi za kusini mwa ziwa, mrefu wa miguu na shingo, mwenye mdomo mfupi uliopinda. Nyama yake ni nyingi na mayai yake ni machache, na majogoo yake hupenda vita. Siku hizi wapo pia Kuroiler, ambao asili yao ni India, na Sasso wa kutoka Ufaransa. Hawa hukua upesi na kutaga zaidi, lakini hula zaidi, na wengi wao hawataki kuatamia. Mama mmoja aliniambia kwamba Sasso ni kama mpangaji na kuku wa kienyeji ni kama ndugu. Mpangaji huleta fedha, ila usimtegemee kukulelea watoto.

Chakula cha kuku mjini si jambo rahisi, maana juu ya mwamba udongo wa kuparura ni mchache. Ziwa husaidia. Katika mwalo wa Kirumba dagaa huuzwa kwa magunia, na wale walioanikwa mchangani, wasiofaa sana kwa mezani, huenda kwa kuku. Yafaa kuwachekecha kwanza. Kuku hula mchanga kwa hiari yake mwenyewe, hakuna sababu ya kuununua kwa kilo. Wala wasipewe wengi kupita kiasi, maana yai litanuka samaki. Magamba ya konokono wa ziwani, yakipondwa vizuri, huyapa mayai ganda gumu. Mashudu ya pamba, kwa kuwa Usukuma ni nchi ya pamba, yapatikana. Lakini hayo yafaa ng'ombe kuliko kuku. Mbegu ya pamba ina sumu yake, na kuku akila mashudu hayo mengi, kiini cha yai lililowekwa siku kadhaa hugeuka kuwa na rangi ya kijani, na mnunuzi hatarudi. Kuna na nyakati ambazo vijidudu vidogo vya ziwani huinuka juu ya maji kama moshi wa nyika, upepo ukavileta mjini. Asubuhi huwa vimelala mafungu mafungu chini ya taa, na kuku wa jirani hushiba bure.

Basi huko Mabatini niliwatembelea mwalimu mmoja mstaafu na mkewe. Walikuwa na mitetea 20 na majogoo 2, nao wote walilala jikoni. Jambo hilo si geni. Nyumba nyingi za vilimani hulaza kuku jikoni, wengine hata sebuleni, na sababu ni moja tu: wezi. Kuku mmoja ni mwepesi kubebwa, na kuku 22 huingia katika magunia mawili. Lakini katika nyumba ile alikuwapo mjukuu aliyekuwa akijifunza kutambaa. Kila asubuhi bibi yake alifagia sakafu kabla ya kumweka chini, na kila asubuhi alikuta mavi mahali alipokuwa hajafagia. Mtoto alikwisha kuharisha mara mbili katika mwezi mmoja, na muuguzi wa zahanati, alipoulizia habari za nyumbani, swali lake la pili lilikuwa, "Kuku wanalala wapi?"

"Mama," mzee alisema mbele yangu, "banda likikaa mbali na nyumba tutakuwa twamfugia mwizi."

"Na wakibaki jikoni, mzee wangu, twamlea mjukuu katika mavi ya kuku," akajibu mama, wala hakupunguza sauti kwa ajili ya mgeni.

Wote wawili walisema kweli. Ndiyo maana shauri lao lilichukua wiki mbili, na ndiyo maana naliandika hapa, maana nyumba nyingi za mji huu, na za miji mingine, zina shauri hilohilo.

Ramani ya banda ilichorwa kwa mkaa juu ya jiwe lililo mbele ya mlango. Mwanza ubao wa kuandikia haukosekani. Mahali pa kujenga palikuwa patatu. Pa kwanza palikuwa nyuma ya nyumba, chini ya jiwe kubwa. Mzee alipapenda sana, kwa sababu jiwe lingekuwa ukuta wa bure. Lakini jiwe kubwa halinywi maji. Mvua inyeshapo juu yake, maji yote huteremka kwa pamoja, na banda lililo chini hupigwa kama na mfereji. Tena jiwe hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, hivyo kuku wangelala kama mikate katika tanuri. Na kubwa zaidi, katika nyufa za mawe hukaa nyoka, na kenge hupita humo. Kenge wa ziwani ni mwizi wa mayai asiyeogopa mtu. Hupanda kutoka majini kwa njia za mifereji, na wavu mwembamba wa kuku huupasua kwa makucha.

Pa pili palikuwa chini, penye tambarare kidogo, upande wa Mto Mirongo. Hapo mama ndiye aliyekataa. Amewahi kuona mto ule ukiingia majumbani. Akakumbusha pia habari za watu wa ufukweni, jinsi ziwa lilivyopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba, bustani na mabanda ya watu waliodhani maji yana mpaka. Mtu ajengaye banda karibu na ziwa asitazame maji yalipo leo, atazame alama waliyoiacha mwaka 2024, kisha apande juu zaidi.

Pakabaki pa tatu, hatua mbili kutoka dirisha la chumba chao cha kulala. Mahali hapo hapakumfurahisha mtu. Ni padogo, na ni penye mteremko. Lakini mwizi akishika kufuli, mzee atasikia. Na mjukuu atatambaa jikoni peke yake. Basi wakakubaliana.

Vitabu vya ufugaji hufundisha kwamba urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua lisiingie ndani asubuhi na jioni. Ni shauri jema sana. Lakini kiwanja cha vilimani hakikusoma kitabu hicho. Banda la mwalimu lilipaswa kufuata mteremko, na upande wake mrefu ukatazama magharibi. Dawa yake ilikuwa kurefusha paa upande ule, liwe kama kofia iliyovutwa machoni. Upepo nao una desturi yake: mchana hutoka ziwani na kupanda vilima, usiku hugeuka ukateremka kutoka nchi kavu. Kwa hiyo wakaweka madirisha ya wavu pande mbili zinazokabiliana, juu, chini kidogo ya paa, ili hewa ipite juu ya vichwa vya kuku. Banda lisilo na hewa hunuka mkojo mkali hadi macho yakatoka machozi, na kuku alalaye humo hukohoa kama mzee avutaye kiko.

Ukubwa ulikuwa mita 2 kwa mita 2 na nusu. Hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya mraba yatosha kuku watano wakubwa, hata zaidi kidogo ikiwa mchana hutoka nje. Nguzo ni sita za mkaratusi, ncha zake zimepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa, na za upande wa chini ni ndefu kuliko za juu ili sakafu iwe sawasawa. Kila nguzo ilivishwa bati laini lililozungushwa, panya na nyoka wasipate pa kushika. Sakafu iliinuliwa kutoka chini kiasi cha goti, ikawa ya fito zilizoachiana nafasi ndogo, na chini yake wavu mgumu wa matundu madogo. Mavi mengi hudondoka, na yale yabakiayo hufagiliwa. Mama huyachanganya na majivu na udongo, huyaacha wiki kadhaa yapoe, ndipo huyapeleka kwenye mchicha wake. Mavi mabichi huunguza mboga.

Fito za kulalia ziliwekwa zote kimo kimoja. Zikitofautiana, kuku wote hugombania ile ya juu, na wanyonge husukumwa wakaanguka. Viota vikawa vitano, kila kimoja kwa mitetea wanne, mahali penye giza na chini ya kimo cha fito, kwa sababu kuku hupenda kulala juu, na kiota kikiwa juu kuliko fito huwa choo. Mlango ulileta ubishi kidogo. Fundi alitaka mlango mdogo wa kuku tu, apunguze mbao. Mama akataka wa kuingia mtu. Nami nipo upande wa mama kabisa: banda ambalo mtu hawezi kuingia, ni banda ambalo halitafagiliwa, na utitiri hujificha humo mwaka hata mwaka. Makufuli yakawa mawili.

Paa ni la bati, na juu yake nyasi zilizofungwa kwa kamba, kupunguza joto na makelele ya mvua, halafu mawe ya kuzuia upepo. Kwa ua wa mchana, mahali kuku waparurapo, mjukuu mkubwa alileta nyavu kuukuu kutoka Kirumba, akazitandaza juu ya miti. Mwewe huzunguka mjini mchana kutwa, na marabu, wale ndege wakubwa wenye upara watembeao mwaloni kama makarani, nao hawakatai kifaranga. Wavu mkuukuu wa samaki huwakomesha wote wawili.

Lakini banda lote hilo, na fito zake, na makufuli yake, si kitu mbele ya mdondo. Wengine huuita kideri. Ugonjwa huo huitwa kwa jina la Newcastle, mji wa Uingereza, kwa kuwa ulionekana huko mwaka 1926, na hapa kwetu huja hasa wakati wa kiangazi. Kuku hunya kijani, hupumua kwa shida, shingo hupinda, mabawa na miguu hulegea, na katika siku chache nyumba isiyochanja yaweza kupoteza karibu kuku wote. Tiba hakuna. Wapo wanaopika pilipili na shubiri na majani ya mwarobaini; sina ugomvi na pilipili, lakini haijamfufua kuku wa mdondo. Kilichopo ni chanjo. Ile iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia na kutengenezwa nchini mwetu huko Kibaha, yafaa sana kwa watu wetu, maana huvumilia joto kuliko chanjo nyingine. Hata hivyo isiachwe juani. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Tatizo la mjini ni kwamba kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na mtu mwenye kuku wanane huona ni hasara kukinunua. Kisha mdondo huingia kwa huyo mwenye wanane na kuvuka ua. Huko Mabatini nyumba tisa zilikubaliana kuchanga. Jumamosi moja, jioni, kuku wakiwa wameingia ndani, mtu mmoja hupita nyumba hadi nyumba na kichupa, watoto wakimshikia kuku mmoja mmoja. Mama wa nyumba yetu ndiye mwenye daftari. Huandika nani amelipa na nani ameahidi, na jirani mwenye deni hupitia njia nyingine.

Jambo jingine la kuangalia ni kuku wageni. Wengi huingia Mwanza ndani ya matenga juu ya mabasi. Watokao Sengerema na Geita zamani walingoja kivuko cha Kigongo na Busisi, saa nyingine kwa muda mrefu juani. Tangu Juni 2025 wapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 za daraja, kwa dakika chache, kisha karibu na Bukumbi, ambako Mapadre Weupe walianzisha misheni mwaka 1883. Ni baraka kubwa kwa wagonjwa na wafanya biashara. Lakini kuku aliyebeba mdondo naye hufika upesi akiwa bado asimama wima na manyoya yang'aa. Kwa hiyo kuku anunuliwaye sokoni asichanganywe na wengine siku ileile. Akae peke yake wiki mbili, mbali, na amlishaye anawe mikono kabla ya kwenda kwa wengine. Katika banda la mwalimu palitengwa pembe moja kwa kazi hiyo, lakini mama akasema pembe ni karibu mno. Mgeni wa sokoni hukaa chini ya tenga, upande wa pili wa nyumba.

Nilirudi Mabatini banda lilipokwisha. Kuhamisha kuku kulikuwa kazi kuliko kupigilia misumari. Kuku hushika njia ya kwao kama mlevi: hata akipotea mchana, jioni hurudi mlango uleule. Usiku wa kwanza walibebwa wakiwa na usingizi, wakapangwa juu ya fito mpya, na kwa siku tano hawakufunguliwa, wakaletewa chakula na maji humohumo. Siku ya sita wakaachwa huru. Mchana walikwenda vema. Jua lilipokaribia kuzama ziwani, kumi na watatu waliingia bandani wenyewe. Tisa walikuwa wamejipanga mbele ya mlango wa jikoni uliofungwa, wakiutazama. Mama akatoka akawabeba wawili wawili, na mtetea wa mwisho, yule mzee mwenye doa jeupe, akambeba peke yake. Mzee akahesabu kwa kidole mpaka 22, akafunga kufuli la kwanza, akafunga na la pili.